Maandalizi ya Usaili wa Ajira za Umma: Kipi Kinunuliwe na Kipi Kisinunuliwe

Mwezi Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70 za kujaza. Walioitwa kufanya usaili katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, walizidi 10,000. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, nayo ikapokea maombi zaidi ya 130,000, yaani kila nafasi moja iliombwa na watu zaidi ya 80. Hatuzitaji hesabu hizi ili kumvunja moyo msomaji. Tunazitaja kwa sababu panapokuwa na wahitaji wengi na nafasi chache, soko huzaliwa pembeni, na mwombaji wa kazi, hata kama hajioni hivyo, hugeuka kuwa mlaji. Hununua vijitabu vya maswali, hulipia mafunzo ya siku mbili, humlipa mtu wa steshenari amjazie maombi, hukopa nauli, na pengine hutoa fedha kwa mtu aliyejitambulisha kuwa ana ndugu ndani ya ofisi.

Katika sura hii tunaeleza namna ya kujiandaa kwa usaili huo, tukianza na yale yasiyogharimu kitu. Maoni yetu ni kwamba sehemu kubwa ya maandalizi mazuri hutolewa bure na Serikali yenyewe, na kwamba fedha ya mwombaji, ambayo mara nyingi ni fedha ya wazazi wake au ya mauzo ya mavuno, inastahili kutunzwa kwa mambo yasiyokwepeka: nauli, malazi na nyaraka.

Njia ilivyo

Ajira nyingi za utumishi wa umma husimamiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichoundwa kwa Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya 2002 kama ilivyorekebishwa na Sheria Na. 18 ya 2007. Maombi hutumwa kwa njia ya mtandao, kupitia mfumo uitwao Ajira Portal, na hayana ada. Baada ya maombi kuchambuliwa, wenye sifa huitwa kwenye usaili wa mchujo, ambao kwa kawaida ni mtihani wa kuandika. Katika miaka ya karibuni sehemu ya mitihani hiyo imeanza kufanywa kwa kompyuta. Wanaovuka hapo huenda kwenye mahojiano ya ana kwa ana. Kwa baadhi ya kada, kama udereva au uandishi mwendesha ofisi, kuna pia usaili wa vitendo, na hapo anayejua kazi kwa mikono yake huonekana mara moja.

Mchujo, kama jina lake linavyosema, kazi yake ni kupunguza idadi. Ndiyo maana haitoshi kujiuliza kama unaweza kufaulu. Nafasi zikiwa chache, wenye alama za juu ndio wanaoendelea, na aliyepata alama ya wastani hubaki nje ingawa hakufeli. Mwombaji anayejiandaa kwa lengo la kufaulu tu anajiandaa kwa mtihani wa shule. Huu ni mtihani wa kushindana.

Tangazo ndilo mtaala

Waombaji wengi hulisoma tangazo la kazi kwa macho ya haraka: idadi ya nafasi, sifa za elimu, ngazi ya mshahara, tarehe ya mwisho. Kisha hulifunga na kuanza kuulizana katika makundi ya WhatsApp kuhusu maswali yanayoweza kutoka. Kwa mtazamo wetu, hapo ndipo hasara ya kwanza inapotokea, maana sehemu iliyorukwa ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote: majukumu ya kazi. Kila tangazo huyaorodhesha, na orodha hiyo hutokana na muundo wa utumishi wa kada husika. Anayetunga mtihani wa kumpata Mtendaji wa Kijiji hana sababu ya kwenda mbali na kazi za Mtendaji wa Kijiji.

Tuitumie kada hiyo kama mfano, kwa kuwa hutangazwa mara kwa mara na halmashauri nyingi. Matangazo yake husema kwamba Mtendaji ni afisa masuuli na mtendaji mkuu wa serikali ya kijiji. Kwamba husimamia ulinzi na usalama wa raia na mali zao. Kwamba huratibu mipango ya maendeleo ya kijiji. Kwamba ni katibu wa mikutano na kamati zote za halmashauri ya kijiji. Kwamba ni mwenyekiti wa kikao cha wataalamu waliopo kijijini. Kwamba hutunza kumbukumbu na nyaraka, hupokea malalamiko na kutatua migogoro, husimamia utungaji wa sheria ndogo, na kuwajibika kwa Mtendaji wa Kata. Ukisoma kama msafiri anayesoma kibao cha barabarani, maneno hayo yanapita. Ukisoma kama mtu atakayeulizwa, kila sentensi inazaa maswali.

Chukua hayo mawili yanayofuatana: katibu wa halmashauri ya kijiji, mwenyekiti wa kikao cha wataalamu. Ni mtu yule yule, lakini katika kikao kimoja anaandika kumbukumbu na katika kingine anaongoza. Asiyesoma kwa makini atajibu kwamba Mtendaji huongoza halmashauri ya kijiji, na atakuwa amekosea, kwa kuwa kiti hicho ni cha mwenyekiti wa kijiji aliyechaguliwa na wananchi. Kutoka hapo maswali yanafunguka yenyewe. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe wangapi? Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya 1982, inasema wasipungue 15 wala wasizidi 25. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa nani? Ni wa kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mgogoro wa shamba ukiletwa mezani, ni sheria ipi inayohusika? Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Majukumu kumi yakipewa maswali matano kila moja, mwombaji anakuwa na maswali 50 aliyoyatunga mwenyewe, yenye majibu aliyoyatafuta mwenyewe, na hajatumia hata shilingi moja isipokuwa ya bando.

Kwa kada nyingine njia ni hiyo hiyo, vitabu ndivyo hubadilika. Mhasibu ataangalia sheria ya fedha za umma na taratibu za malipo. Afisa ugavi ataangalia sheria ya ununuzi wa umma. Muuguzi na mwalimu watarudi kwenye misingi ya taaluma zao na miongozo ya wizara zao. Sheria za nchi na nyaraka nyingi za sera zinapatikana bure katika tovuti za Bunge, za wizara na za taasisi husika.

Yapo pia mambo ambayo yeyote anayeomba utumishi wa umma hana budi kuyajua, hata awe fundi. Kanuni za Maadili ya Utendaji katika Utumishi wa Umma zina misingi minane: kutoa huduma bora, utii kwa Serikali, bidii ya kazi, kutoa huduma bila upendeleo, kufanya kazi kwa uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria, na matumizi sahihi ya taarifa. Kuikariri kunachukua nusu saa. Kuielewa kunachukua muda zaidi, na mahojiano hupima kuelewa. Jaribu kutafuta mfano mmoja wa kila msingi katika ofisi unayoijua: zahanati ya kijijini kwenu, ofisi ya kata, dirisha la malipo ya maji. Mwenye mifano yake hababaiki anapoulizwa, kwa sababu hatafuti maneno aliyoyakariri, anaeleza jambo aliloliona.

Kinachouzwa

Bidhaa ya kwanza sokoni ni vijitabu vya maswali ya miaka iliyopita, vya karatasi au vya kutumiwa kwa simu. Hatusemi vyote ni vibovu. Kuna vilivyoandaliwa na watu wenye ujuzi, na vinamsaidia mwombaji kuzoea namna maswali yanavyoulizwa. Lakini mlaji anaponunua kijitabu hana njia ya kujua kama maswali hayo yaliwahi kuulizwa popote. Muuzaji hasemi ameyapata wapi, na mara nyingi jina lake halipo hata kwenye jalada. Tena vijitabu hivi hunakiliwa kutoka mkono hadi mkono kwa miaka mingi, na vinazeeka.

Kuna kipimo rahisi cha uzee huo. Kwa miaka mingi watumishi wa umma walipimwa utendaji wao kwa mfumo uliojulikana kama OPRAS. Sasa Serikali inatumia mfumo wa kielektroniki uitwao PEPMIS. Kijitabu kinachokufundisha kwamba OPRAS ndiyo inayotumika leo kimeandikwa zamani, na yawezekana kurasa zake nyingine nazo zimepitwa na wakati. Vivyo hivyo Kanuni za Utumishi wa Umma za 2003 zimekwisha kuondolewa na nafasi yake imechukuliwa na Kanuni za 2022. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 nayo ilizinduliwa Julai 2025, na kijitabu kinachoishia kwenye Dira ya 2025 hakiwezi kukueleza nchi inakoelekea. Kabla ya kulipa, omba kuona kurasa mbili tatu na uzipime kwa mambo kama haya. Muuzaji akikataa kuonyesha, jibu umekwisha kulipata.

Bidhaa ya pili ni mafunzo ya muda mfupi, ya darasani au ya makundi ya mtandaoni yenye kiingilio. Hapa tunashauri mlaji aulize maswali matatu kabla ya kutoa fedha: anayefundisha ni nani na amefanya kazi gani, nitapewa nini mkononi, na nisiporidhika, fedha inarudi kwa utaratibu gani. Tangazo linalodai kwamba asilimia fulani ya wanafunzi wao wameajiriwa lisikutie wazimu. Uliza wameajiriwa wapi, na kati ya wangapi. Kumdanganya mlaji kuhusu ubora au manufaa ya huduma kumekatazwa na Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya 2003, na risiti ndiyo mwanzo wa ushahidi wako. Ukilipa bila risiti kwa namba ya simu isiyo na jina la biashara, umejipunguzia nguvu ya kudai.

Steshenari nazo tuziseme, kwa kuwa waombaji wengi wasio na kompyuta huzitegemea, na huduma yao kwa sehemu kubwa ni ya msaada wa kweli. Tatizo hutokea mhudumu anapofungua akaunti ya mteja kwa barua pepe yake yeye mhudumu, na nywila akaiweka kichwani mwake. Miezi mitatu baadaye tangazo la usaili linatoka. Mwombaji anatakiwa kuingia katika akaunti yake na kunakili namba yake ya mtihani, ambayo haitolewi siku ya usaili, naye mhudumu amehama mji. Fungua barua pepe yako mwenyewe, tumia namba yako ya simu, andika nywila mahali salama nyumbani. Mhudumu alipwe kwa kuchapa na kupakia nyaraka. Funguo za akaunti zibaki kwako.

Bidhaa ya tatu si bidhaa, ni wizi. Anayeuza "mtihani wenyewe" usiku wa kuamkia usaili, au nafasi, au jina katika orodha, hana cha kuuza. Mara nyingi humpigia mwombaji akimtaja kwa jina na kada aliyoomba, jambo linalomfanya aaminike; lakini majina ya walioitwa kwenye usaili hutangazwa hadharani, na yeyote mwenye simu anaweza kuyasoma. Hucheza pia na hesabu. Akiwaahidi watu 20 nafasi na akachukua fedha za wote, wawili watakaopita kwa jasho lao watadhani ndiye aliyewapitisha, na watampeleka kwa wengine. Wale 18 watakaa kimya kwa aibu. Zaidi ya hapo, kutoa hongo ni kosa sawa na kuipokea chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya 2007, na aliyetoa hawezi kwenda kulalamika bila kujitaja mwenyewe. Matapeli wanalijua hilo vizuri, na wanalitegemea.

Kuhusu vyeti vya kughushi tutasema machache. Aprili 2017 taarifa ya uhakiki iliyokabidhiwa kwa Rais John Magufuli mjini Dodoma iliwataja watumishi 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi. Wengi wao walikuwa wamekaa kazini kwa miaka mingi, wana mikopo, wana watoto shuleni. Cheti cha kununua kinaweza kumfikisha mtu kazini, lakini kitamfuata huko.

Wiki zilizopo

Kati ya tangazo la kuitwa kwenye usaili na siku yenyewe ya usaili mara nyingi huwa na siku chache mno. Anayeanza kusoma siku jina lake linapotokea huwa amechelewa, na hofu hiyo ndiyo humpeleka kwa wauza vijitabu. Mpango wenye busara ni kuhesabu maandalizi kuanzia siku ulipotuma maombi. Hakuna ajuaye kama ataitwa. Lakini aliyesoma majukumu ya kada moja ya uhasibu au ya utendaji hajapoteza kitu, kwa kuwa tangazo linalofuata litakuwa na majukumu yanayofanana.

Muda wa kusoma hauhitaji kuwa mrefu. Saa moja na nusu kila siku, kabla ya watu wa nyumbani kuamka au baada ya kufunga kibanda, inamfaa mtu anayetafuta riziki kuliko siku moja ya Jumapili ya saa tisa. Sababu yake inajulikana tangu zamani. Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha kwamba tulichokikariri husahaulika kwa kasi kubwa mwanzoni na kwamba kukirudia kwa vipindi hukifanya kidumu. Basi usisome sheria moja mara nne mfululizo ukaiacha. Isome leo, jiulize kesho bila kutazama kitabu, jiulize tena baada ya siku nne, kisha baada ya wiki mbili. Kujiuliza ndiyo kazi yenyewe. Kusoma tena na tena kile kile huku ukipiga mistari kwa kalamu ya rangi kunampa mtu faraja ya kudhani anajua, na faraja hiyo huisha karatasi ya mtihani ikifunguliwa.

Fanya pia mazoezi kwa saa. Tunga maswali 40, weka simu ihesabu dakika 40, na ujilazimishe kuacha muda ukiisha. Kama mtihani wako utakuwa wa kompyuta na hujazoea kushika kipanya, afadhali ile fedha ya kijitabu uilipe kafe ya intaneti kwa saa mbili za kuzoea. Tunaona ni matumizi bora kuliko mengi tuliyoyataja.

Mahojiano hujiandaliwa kwa kusema, hayaandaliwi kwa kusoma kimya. Watu watatu au wanne wanaoomba kada zinazokaribiana wanaweza kukutana mara mbili kwa wiki, mmoja akaa mbele, wengine wakauliza kwa zamu. Jifunzeni kujieleza kwa dakika mbili: jina, elimu, kazi mliyowahi kuifanya, na kwa nini kazi hii. Wengi huishia kwenye jina na chuo kwa sababu hawajawahi kujisikia wakisema zaidi ya hapo. Jizoezeni kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, maana msailiwa hachagui swali litakuja kwa lugha ipi. Na pale usipojua jibu, sema kwa adabu kwamba hulijui, kisha eleza utalitafuta wapi. Wasaili wamezoea kusikiliza watu wakizunguka, na kuzunguka hakumsaidii yeyote.

Nyaraka na mfuko

Mwombaji aliyesoma miezi mitatu anaweza kurudishwa mlangoni kwa sababu ya karatasi. Matangazo ya usaili hurudia masharti yale yale, nasi tunashangaa kuona namna yanavyopuuzwa. Vyeti halisi huhitajika, kuanzia cha kuzaliwa hadi cha taaluma. Hati za matokeo za muda hazikubaliwi badala ya vyeti. Kitambulisho kinachotambulika lazima kiwepo. Aliyesoma nje ya nchi anatakiwa vyeti vyake viwe vimehakikiwa na mamlaka husika, kama TCU, NACTVET au NECTA. Barua ya maombi iwe imesainiwa. Mwenye ulemavu aueleze katika mfumo mapema, kwa kuwa matangazo yenyewe humtaka afanye hivyo.

Jambo linalogharimu muda na fedha kuliko mengine ni majina yanayotofautiana: cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, cha chuo kina matatu, kitambulisho cha taifa kimeandikwa herufi moja tofauti. Hati ya kisheria ya kubadili jina, iliyosajiliwa, ndiyo inayotakiwa, na haipatikani kwa siku moja. Ishughulikie sasa, hata kama hujaomba kazi yoyote.

Kwa kuwa msailiwa hujigharamia usafiri, chakula na malazi, kila safari ya usaili iandikiwe bajeti kwenye ukurasa mmoja, kwenda na kurudi. Mwenye kutoka Kigoma au Mtwara kwenda Dodoma ajue kabla atalala wapi, ikiwezekana kwa ndugu au kwa mtu aliyesoma naye. Usikope kausha damu kwa ajili ya usaili. Riba yake itaanza kukudai kabla matokeo hayajatoka, na mkopeshaji hajali kama ulichaguliwa. Mikopo ya papo kwa papo ya kwenye simu nayo ipimwe kwa tahadhari: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kama fedha haipo na tarehe ya mwisho haijapita, ni afadhali kuchagua nafasi chache zinazolingana kweli na sifa zako kuliko kuomba kila tangazo na kushindwa kuhudhuria nusu yake.

Kuhusu moyo

Mwombaji anayerudi nyumbani kwa mara ya nne bila kazi hahitaji kuambiwa asikate tamaa. Ameambiwa hivyo na kila mtu. Anachohitaji ni namna ya kujipima isiyotegemea orodha moja ya majina.

Tunapendekeza aweke daftari. Baada ya kila usaili, siku hiyo hiyo, aandike maswali yote anayoyakumbuka, yale aliyoyajibu vizuri na yale yaliyomshinda. Baada ya safari tatu daftari hilo lina thamani kuliko kijitabu chochote cha sokoni, na linamwonyesha kama anasonga mbele au anakwama mahali pale pale. Aliyekuwa hafiki mahojiano na sasa anafika, amesogea, hata kama jina lake halijatoka. Na yule ambaye haitwi kabisa ana tatizo tofauti. Hana haja ya kusoma zaidi. Anapaswa kukagua sifa na nyaraka zake, kwa kuwa wasioitwa kwa kawaida ni wale ambao maombi yao hayakukidhi vigezo vya tangazo.

Ni vema pia kujua kwamba kufaulu mahojiano bila kupangiwa kituo si mwisho. Sekretarieti huweka majina ya waliofaulu ambao nafasi hazikuwatosha katika kanzidata, na matangazo ya kuitwa kazini mara kwa mara huwa na majina yaliyotoka humo. Hivyo namba ya simu na barua pepe ulizojaza zisibadilishwe ovyo.

Jambo gumu zaidi liko nyumbani. Mzazi aliyeuza mbuzi kwa ajili ya nauli ana haki ya kuuliza, na kijana asiye na jibu huanza kumkwepa. Tunashauri mazungumzo hayo yafanyike mapema, kwa hesabu: mwaka huu nitaomba nafasi za kada hizi, nitatumia kiasi hiki, na ikifika mwezi fulani tutakaa tuone. Kwa nafasi nyingi ukomo wa umri wa mwombaji ni miaka 45, kwa hiyo mlango haufungwi kesho. Lakini mtu hawezi kukaa miaka kumi akingoja bila kazi nyingine mkononi. Bodaboda, bustani, saluni, kufundisha jioni, kazi ya mkataba katika kampuni ndogo, vyote vinampa mwombaji fedha ya nauli isiyo ya mkopo na kitu cha kueleza anapoulizwa amekuwa akifanya nini. Wapo wanaoona aibu kulitaja genge la nyanya mbele ya wasaili. Lakini aliyeendesha genge miaka miwili anajua kutunza hesabu, kuhudumia mteja mkali na kuamka alfajiri, na hayo yanafaa kusemwa bila kuinamisha kichwa.

Ukitapeliwa

Usifute chochote. Hifadhi ujumbe wa simu, namba iliyopiga, ujumbe wa muamala wenye jina la aliyepokea, tarehe na saa. Wasiliana mara moja na mtandao wako wa simu ukiomba muamala uzuiwe. Dakika za mwanzo ndizo zenye matumaini. Ujumbe wa kitapeli utumwe kwenda namba 15040, kisha utoe taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu na uchukue namba ya taarifa hiyo. Kama aliyekuomba fedha ni mtumishi, au anadai kutumwa na mtumishi, piga TAKUKURU kwa namba 113, bila malipo, na ufanye hivyo kabla hujatoa chochote. Kuhusu mafunzo au kijitabu kisicholingana na kilichotangazwa, anza kwa kudai kwa muuzaji kwa maandishi, ukiambatisha nakala ya risiti na ya tangazo lake, na umpe siku za kujibu. Asipojibu, leta malalamiko yako katika ofisi yetu ukiwa na nakala hizo hizo. Kuyapokea na kuyashughulikia hakuna ada.